Muhogo wa Mama Yako

Baraka, Jumapili, jua likielekea milimani

Mwanangu Wabiwa,

Salamu siandiki. Tumeamkiana asubuhi, mchana tumekula pamoja, na sasa hivi nakusikia nyuma ya nyumba ukibishana na Neema kuhusu nani amekunja vitenge vibaya. Baba anayemwandikia barua mtoto aliye hatua ishirini kutoka alipoketi ni baba mwenye jambo zito, nami ninalo. Tangu saa tisa nimejifungia katika chumba cha cherehani, nimewaambia kwamba nina nguo ya mtu ya kumalizia. Hakuna nguo. Huo ni uongo wa leo, tena mdogo. Nauungama kwanza ili nijizoeze kabla ya kuufikia ule mkubwa.

Kesho asubuhi boti ya Kalemie inakuchukua. Mambo ya safari sitayagusa. Maji ya kuchemsha, chandarua, watu wa kusalimia na watu wa kuepuka, namna ya kukaa kwa shangazi yako bila kumchosha: yote hayo Mama Neema amekwambia, tena mara tatu, nawe umemjibu mara tatu, "Ndiyo, Mama Neema," kwa sauti ile ile ya adabu unayomjibia mke wa mchungaji. Sauti hiyo ndiyo iliyoniketisha hapa.

Kwa miaka tisa umemwita Mama Neema. Majirani wanamwita hivyo, muuza ndagala wa ziwani anamwita hivyo. Hakuna anayeweza kukulaumu, maana kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Neema ndiye mtoto wake wa kwanza. Hujamkatalia kazi hata siku moja. Ukimpa maji, unampa kwa mikono miwili. Umemheshimu kama mgeni mkubwa aliyekuja akakaa, na mimi nimeyasikia hayo kila siku nikajitia hamnazo. Sababu yake unaijua wewe, anaijua yeye, naijua mimi. Ila sababu unayoijua wewe si ya kweli, na aliyeificha kweli ni mimi.

Niache nianzie nyuma kidogo. Nikianza na jambo lenyewe moja kwa moja nitatafuta njia ya kulikwepa, najijua.

Mama yako Feza alipofariki, yeye na mtoto aliyekuwa akimzaa, ulikuwa na miaka tisa. Hilo sina haja ya kukukumbusha. Ndilo linalokupeleka kusomea ukunga, ingawa ukiulizwa unasema eti unapenda tu kazi ya hospitali. Ninalotaka kukukumbusha ni siku ya pili ya matanga. Unajua ukoo wetu unavyofanya: waombolezaji hulishwa kwanza kutoka katika shamba la marehemu, kama kwamba yeye mwenyewe anawaaga kwa chakula. Shangazi zako walishachukua majembe na vikapu wakaelekea shamba lake la upande wa Mutambala, wang'oe muhogo alioupanda mvua za kwanza. Wewe ukawatangulia mbio. Walipofika walikukuta umeketi katikati ya shamba umekumbatia shina moja, na hakuna aliyeweza kukubandua pale. Wakaniita.

Nilikuja na nguo zangu za msiba, nikachuchumaa mbele yako. Nakumbuka nilichosema, na najua wewe unakikumbuka kuliko mimi.

"Hii muhogo ya mama, hakuna mutu ataigusa. Siku we utasema, njo tutaing'oa."

Shangazi yako, huyu huyu wa Kalemie unayemwendea, alinishika mkono pembeni. "We fundi, batu bote bale batakula nini? Udongo?" Nikamwambia watakula tutakachopata, na tukapata, kwa kuomba huku na huku. Watu walinong'ona kwamba nimetii mtoto mbele ya wakubwa. Sikujali. Siku ile, katika msiba ule wote, nilijiona nimefanya jambo moja la kiume.

Ukalichukua shamba lile kuwa lako. Kila Jumamosi ulikwenda na jembe la mama yako lililokuwa refu kuliko wewe, ukapalilia. Ulichuma majani kidogo kidogo kwa ajili ya mboga ya sombe, mizizi hukuigusa. Ukirudi ulinipa habari za shamba kama mtu anayetoka kumtembelea mgonjwa: shina fulani limeinama, panya wamechimba upande wa juu, lile la karibu na njia limenenepa. Nami nilisikiliza huku nikikanyaga cherehani, nikisema "eeh" mahali panapostahili.

Halafu akaja Mama Neema. Alikuwa amekimbia Burundi na mtoto wake mmoja, mume ameshamzika huko, na alikaa kambini Lusenda. Alikuwa akikusanya nguo za wamama wa kambi zilizochanika na kuniletea nizishone, furushi zima kichwani. Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema neno huna haja ya kumuuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa mjane wa mwaka mmoja na nusu, mwenye binti mmoja na sufuria zinazoungua. Mji ulisema, "Fundi ameokota mukimbizi." Ukoo ulisema zaidi ya hapo. Hao wote niliwajibu. Mtu mmoja tu sikusema naye, na huyo ni wewe.

Unakumbuka nilivyokwambia? Nilisema, "Kesho tutapata bageni." Ukafagia ua, ukachemsha chai, ukawatandikia mkeka. Wageni wakanywa chai, wakavua viatu, wakabaki. Wiki nzima ulikuwa ukinitazama kila jioni ukingoja niseme wanaondoka lini. Neema naye, mtoto wa watu, alikuwa ameambiwa anakwenda nyumbani kwake, akafika akakuta anapishwa njia kama mgeni. Makosa yale yalikuwa yangu tangu mlangoni, na nilifanya hivyo kwa kuogopa uso wako tu.

Kisha nikataka kurekebisha kwa ujuzi wangu. Nilinunua kitenge kimoja kizuri, kile cha njano chenye majani, nikawakatia magauni mawili sawasawa wewe na Neema, hata mikunjo ya mabega nikaihesabu isipishane. Nilidhani mkivaa sawa mtakuwa dada. Jumapili ile mlikataa kutoka pamoja. Mmoja alikwenda ibada ya kwanza na mwingine ya pili. Mama Neema alicheka mpaka akajishika mbavu, akaniambia, "Baba Wabiwa, batoto habashonwake." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo, na ningeendelea kumsikiliza yeye tangu siku ile mengine yasingetokea.

Sasa nafika.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya, unaukumbuka. Watu walikuwa wanashuka kutoka juu milimani wakikimbia vita, magodoro vichwani, njia zinafungwa, unga umepotea sokoni, na hakuna anayeshona nguo wakati wa njaa. Muhogo wa mama yako ulikuwa umefikisha zaidi ya miaka miwili ardhini. Majirani waliniambia mmoja mmoja: fundi, ule muhogo unageuka kuwa kuni, mwingine umeanza kuoza, unaweka chakula kioze na watoto wanalala na uji? Walisema kweli. Lilibaki jambo moja tu la kufanya, nalo lilikuwa jepesi: nikuite, nikuambie, "Wabiwa, siku ile imefika, sema neno." Ulikuwa na miaka kumi na moja, na ulikuwa na akili kuliko wengi waliokuzidi umri. Nadhani ungelia, halafu ungekubali, na ungetaka kung'oa shina la kwanza wewe mwenyewe.

Sikukuita. Kila nilipotaka kukuita nilikuona umekumbatia lile shina. Nikamwambia Mama Neema, "Kesho, batoto bakienda masomo, uende ku shamba ya Mutambala, ung'oe muhogo. Ile shamba ni yako sasa."

Alikuwa anachambua maharagwe. Akaacha. "Ile muhogo ni ya mama yake Wabiwa. Ulishasema na mutoto?"

Nikasema, "Nilishasema naye. Alikubali."

Ndilo neno lenyewe, mwanangu. Nimelibeba tangu siku hiyo. Aliniuliza wazi, kwa Kiswahili ninachokielewa, nami nilimdanganya nikimtazama usoni. Wasemao kwamba njia ya mwongo ni fupi hawajatembea yangu.

Alikwenda. Aling'oa, akamenya, akaloweka, akaanika, akapeleka kusaga. Siku ile bukari, ugali wa muhogo ule, ilipoingia mezani ulikula kwa njaa, ukaomba tena, ukasema ni tamu. Mama Neema alifurahi sana. Alidhani unamwambia kwamba umempokea, kwa sababu yeye alijua umekubali, na alijua unachokula ni nini. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yenu wawili, nikamega nami nikala.

Jumamosi ukaenda na jembe lako. Uliporudi hukulia njiani. Ulikuja mpaka katikati ya ua, majirani wakiwa wanateka maji, ukamnyooshea kidole mwanamke yule.

"Mwizi! Umekula mama yangu! Na mi umenikulisha!"

Nilikuwa hapa hapa, kwenye cherehani hii, mlango wazi. Mama Neema hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Alikuwa ameelewa yote kwa mara moja, na alinipa nafasi. Wabiwa, nafasi ile ilikuwa ndefu ya kutosha. Mtu angeweza kusimama, kutoka nje na kusema maneno matatu. Mimi niliinama nikatia uzi kwenye sindano. Sindano ilikuwa na uzi tayari.

Yeye akapiga magoti mbele yako, mbele ya wanawake wote wale ambao tayari walikuwa wanamwita mwizi wa waume. "Unisamehe, mutoto wangu. Ni mi njo nilikosa." Wewe ukamtemea mate miguuni, ukaingia ndani ukafunga nguo zako. Alfajiri ulikuwa umeshapanda na wachuuzi kwenda Kilembwe kwa koko yako, mama wa marehemu.

Siku ile ile uliyoondoka nilimfuata Mama Neema jikoni. Nilijua atanipigia kelele, na nilikuwa nazitamani hizo kelele. Hakupiga. Nikamuuliza mwenyewe kwa nini hakusema kwamba ni mimi niliyemtuma, kwamba ni mimi niliyemdanganya. Nakuandikia jibu lake jinsi alivyolitoa, kwa maana ndilo nililokunyima muda wote huu.

"Mutoto alishapoteza mama. Nikimwambia ni baba njo alimudanganya, atabakia na nani? Mi niko mugeni. Mugeni, hata bakimuchukia, haina kitu."

Halafu akanipa beseni nikatekee maji, mazungumzo yakaisha.

Nilimuahidi nitakwambia ukishatulia. Baadaye nikasema ukisharudi nyumbani. Kisha ukimaliza shule ya msingi, usije ukavurugika kabla ya mtihani. Kisha ukimaliza sekondari. Hakuna mwaka uliokosa sababu. Yeye hakunikumbusha hata mara moja, na mimi niliuchukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Ulikaa Kilembwe miezi minne. Nilipokuja kukuchukua kwa pikipiki, matope mpaka magotini, koko yako alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji, kisha akaniuliza, "Nani aliing'oa ile muhogo?"

Nikajibu, "Koko, ile ni mambo ya bamama."

Akauliza tena. "Bamama banakulaka muhogo peke yabo?"

Nilikunywa maji ili mdomo uwe na kazi. Yule bibi alijua, Mungu amrehemu; sidhani alikuwa na shaka. Lakini alikuwa mkwe wangu na hakutaka kunivua nguo mbele ya mwanangu. Alikwambia tu urudi shuleni. Njiani, wewe ukiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, ulinishika shati kwa nguvu, ukaniambia mgongoni, "Baba, ni we tu njo nimebakia naye."

Mtu mwenye haya angeshuka pale na kusema kila kitu matopeni. Nikwambie nilichohisi? Nilifurahi. Nilifurahi kwamba unanipenda mimi peke yangu. Nilimwacha mwanamke mwingine alipe bei ya furaha hiyo, nikaendelea na safari. Katika yote ninayokuandikia, hilo ndilo linalonichoma zaidi, kuliko hata uongo wenyewe.

Watu wa Baraka husema mimi ni mtu mpole. Fundi hana ugomvi na mtu, fundi hapandishi sauti. Kuna upole ambao ni woga tu, mwanangu, na mimi ndio niliokuwa nao. Nyumba yenye watoto wa huku na watoto wa kule haiharibiwi na ugomvi. Mligombana wewe na Neema mpaka mkachora mstari wa makaa sakafuni, huku kwako, huku kwake, na atakayevuka aombe ruhusa. Mimi nilitaka kuufuta. Mama Neema akanikataza, akasema waache wajue kila mtu yuko wapi kwanza. Mvua zilipokuja bati likavuja upande wa Neema, na asubuhi niliwakuta mmelala mkeka mmoja, mguu wako juu ya tumbo lake, mstari umelowa umekuwa tope. Hakuna aliyewaambia. Tangu hapo nimewasikia mkisutana, mkifichiana siri, mkisukana, na hapo nje bado mnabishana juu ya vitenge. Neema amelia tangu juzi, ingawa atakwambia ni moshi.

Hayo ndiyo mema niliyoyapata bila kustahili. Lipo jingine.

Siku Mama Neema aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati wake, mimi nilikuwa Fizi, nimepeleka sare za wanafunzi, na mvua imekata barabara. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikimbia kumwita mkunga, ukarudi umelowa, ukaketi kando yake mpaka mwisho. Mimi nilifika kesho yake, nikakuta mtoto mzima analia ndani ya kitenge na mama yu hai. Neema alinisimulia. Alisema ulimshika mkono muda wote, na ulikuwa ukirudia neno moja tu: "Usikufe, mama. Usikufe, mama."

Ulimwita mama, Wabiwa. Huenda wewe mwenyewe hukujisikia, au ulikuwa unamwita mwingine aliyekwenda. Sijui, na siulizi. Ila najua Mama Neema alisikia. Kesho yake ulipomletea uji ulisema, "Mama Neema, uko namna gani?" na niliona alivyoupokea ule uji. Alikushukuru, akanywa.

Na jina la mtoto. Tulipompa jina la Feza, ulinijia hapa ukilia, ukanishika mikono yote miwili. "Aksanti, baba. Aksanti kurudisha jina ya mama." Nikakupapasa kichwa nikasema ni jina zuri. Ukweli ni kwamba mimi nilitaka jina la mama yangu mzazi, na nilikuwa nimeshaliandika kwenye karatasi. Mama Neema ndiye aliyekataa, akiwa bado kitandani hana hata nguvu ya kukaa. Alisema, "Huyu atakuwa Feza. Wabiwa akuwe na mutu wa kuita hii jina." Shukrani zako zilikuwa zake. Nilizipokea, nikazila, sikumpelekea hata kidogo. Lawama yangu nilimpa yeye, na sifa yake nikaichukua mimi.

Tangu uliporudi kutoka Kilembwe hujakanyaga shamba la Mutambala. Kwa hiyo nikwambie: siku ile alipong'oa, vijiti vya mbegu alivikata kutoka mashina yale na kuvirudisha ardhini siku hiyo hiyo, mstari kwa mstari. Utasema kila mwanamke anayeng'oa muhogo hufanya hivyo, na ni kweli. Lakini kila msimu tangu hapo amevitenga. Anapanda mbegu nyingine upande wa chini. Hiyo ya mama yako anaiweka upande wa juu, peke yake, na akiwaazima majirani vijiti hatoi kutoka kule. Nilimuuliza anamwekea nani. Akasema, "Mwenyewe atakuja."

Nimekuwa nikijiuliza nikupe ushauri gani, maana barua za wazazi huwa na ushauri. Sina mwingi. Ukishaanza kazi yako utaingia katika nyumba nyingi wakati zimefungwa kwa wengine, na utawakuta humo watoto wasiojua wamwite nani mama. Usiwaharakishe. Na kama siku moja Mungu akikupa mume mwenye watoto, au ukaenda kwake na wako, jambo gumu mwambie mtoto siku ile ile, hata kama atapiga kelele hadi ng'ambo ya ziwa. Mtoto akilia unamwona na unaweza kumbeba. Aliyedanganywa anakuwa na adabu, na adabu hiyo mimi nimeila miaka tisa katika nyumba hii na haishibishi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuzikunja karatasi hizi na kuziingiza chini ya nguo zako ndani ya valizi, uzikute ukishafika Kalemie. Nimefika hapa, nimezisoma kutoka juu, nikaona aibu. Ungezisoma ukiwa peke yako, safari nzima ya ziwa ikiwa kati yetu, na mimi ningekuwa nimeponyoka tena. Na kesho pale ufukweni ungemuaga yule mwanamke kwa sauti yako ya adabu, ukampa mkono kama anavyopewa mgeni, naye angerudi nyumbani na mkono huo. Alishapokea mengi ya namna hiyo kwa ajili yangu. Hilo la kesho sitaki alipokee.

Basi sizikunji. Nasikia Neema anatuita tukale, na bado kuna mwanga wa kutosha kusoma. Nakuja na karatasi hizi mkononi. Nilifikiri nimtume Neema ampeleke mdogo wenu kwa jirani, kisha nimeacha. Hawa nao wameishi ndani ya uongo wangu, wakae wasikie. Mama Neema hajui ninachoandika. Nitamketisha mbele yangu na nitasoma kwa sauti mpaka mwisho, hata pale ambapo sauti itakataa. Anaweza kukasirika, maana miaka yote hii amejitwika jambo hili ili wewe usinipoteze. Na wewe utakasirika zaidi yake, nami sitakuomba upunguze wala uharakishe. Mate uliyoyatema siku ile yalikosa mtu; nitasimama karibu.

Nakupenda, Wabiwa. Nilikupenda vibaya, kwa kuogopa, lakini sikuwahi kukupenda kidogo. Kesho ukitaka kupanda boti bila kunitazama, panda. Ukiondoka bila kuniaga mimi, bado utakuwa na mama wa kumuaga.

Baba yako